Van Meegeren: Mchoraji aliyeghushi hata kisa chake

Han van Meegeren, Mholanzi aliyezaliwa mjini Deventer tarehe 10 Oktoba 1889, ndiye mghushi wa picha anayetajwa kuliko wote katika historia ya sanaa ya karne ya 20. Kati ya mwaka 1937 na 1943 aliuza picha alizozichora mwenyewe, zikapokewa kuwa ni za Johannes Vermeer na Pieter de Hooch, mabingwa wa Uholanzi wa karne ya 17. Wanunuzi hawakuwa watu wa kudanganywa na mchuuzi wa barabarani: jumba la makumbusho la Rotterdam, matajiri wawili wa bandari hiyohiyo, serikali ya Uholanzi, na Hermann Göring, msaidizi mkuu wa Hitler. Biashara hiyo ilimwingizia zaidi ya gilda milioni 7. Alipokamatwa alitoa maelezo yaliyozunguka dunia nzima: kwamba alikuwa msanii aliyedharauliwa na wahakiki, akaamua kuwaumbua. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini hati zilizofukuliwa baadaye zinaonyesha kuwa nayo yalifinyangwa kwa ustadi uleule wa picha zake.

Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, mtu mkali asiyetaka kusikia habari za uchoraji. Waandishi wa maisha ya Van Meegeren husimulia kwamba mzee huyo alikuwa akiichana michoro ya mwanawe, na kwamba alimwadhibu kwa kumwandikisha mara mia moja kuwa hajui kitu, si kitu na hawezi kitu. Mengi ya masimulizi hayo chimbuko lake ni Van Meegeren mwenyewe, na huo ni ushahidi wa kupokelewa kwa tahadhari. Lisilo na utata ni athari ya Bartus Korteling, mwalimu wake wa sanaa, aliyewabeza wachoraji wa kisasa na kumtukuza Vermeer. Wakati wenzake walikwisha kuzoea rangi za kiwandani zinazokamuliwa kutoka kwenye tyubu, Korteling alimfundisha kijana huyo kusaga na kuchanganya rangi kwa mkono kama mafundi wa kale. Katika Uholanzi ya mwaka 1905 hivi, elimu hiyo ilikuwa kama kumfundisha mtoto wa mjini kuunda jahazi la kushonwa kwa kamba: ya kupendeza, lakini haina soko.

Mwaka 1907 alipelekwa Delft, mji aliozaliwa na kuzikwa Vermeer, kusomea usanifu wa majengo. Jengo la klabu ya wapiga makasia alilolisanifu akiwa huko lingali limesimama, lakini mtihani wa mwisho hakuufanya. Mwaka 1912 alimwoa Anna de Voogt, mwanafunzi mwenzake wa sanaa. Mwaka uliofuata chuo cha Delft kilimtunuku nishani ya dhahabu, inayotolewa mara moja kila miaka mitano, kwa mchoro wa ndani ya kanisa la Laurens la Rotterdam uliofuata mtindo wa karne ya 17. Inasimuliwa kuwa hata mchoro huo aliunakili na kutaka kuuza nakala kama ndiyo kazi iliyoshinda, mkewe akamzuia. Walihamia Den Haag mwaka 1914, naye akajijengea jina la wastani: picha za watu wenye fedha, michoro ya kalenda na kadi, na mchoro mmoja wa paa mdogo uliochapwa na kutundikwa katika nyumba nyingi nchini humo.

Maonyesho yake ya kwanza ya mwaka 1917 yalipokewa vizuri. Baadaye wahakiki walianza kusema yale ambayo hakuwasamehe kamwe, kwamba mkono anao lakini hana lake la kusema. Hukumu hiyo haikuwa ya chuki. Ukizitazama picha alizozitia jina lake mwenyewe unakuta umahiri wa kalamu pamoja na hisia za bei rahisi, malaika wenye macho makubwa, wanawake warembo wasio na uhai. Wakati Picasso na Mondrian walikuwa wanabadili maana ya uchoraji, Van Meegeren alikuwa anachora kana kwamba karne mbili hazijapita. Kati ya mwaka 1928 na 1930 alishiriki kutoa jarida lililoitwa De Kemphaan, ambamo sanaa mpya ilishambuliwa kama uozo wa jamii, kwa lugha inayofanana mno na ile iliyosikika Ujerumani miaka michache baadaye. Nyumbani nako mambo yalikuwa yamevunjika. Anna aliachana naye mwaka 1923, na mwaka 1928 Van Meegeren akamwoa mwigizaji Johanna Oerlemans, aliyekuwa mke wa mhakiki wa sanaa.

Kisa alichokuja kukisimulia mahakamani kinaanzia hapo: mchoraji aliyechoshwa na dharau anakimbilia kusini mwa Ufaransa mwaka 1932 kuandaa kisasi. Kinaruka takriban miaka kumi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 Van Meegeren alikuwa karibu na Theo van Wijngaarden, fundi wa kukarabati picha za kale wa Den Haag, ambaye kwake ukarabati na ulaghai vilikuwa milango miwili ya duka moja. Mwaka 1923 picha iliyopitia kwa Van Wijngaarden ilithibitishwa na Cornelis Hofstede de Groot, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nchi, kuwa ni ya Frans Hals. Wanunuzi wakaingiwa na shaka, picha ikapelekwa kwa wanakemia, ikabainika kuwa ya kisasa. Hofstede de Groot aliinunua mwenyewe kuliko kukiri amekosea.

Kuna picha mbili zaidi za kipindi hicho, msichana anayetabasamu na msichana mfuma lesi, zilizoidhinishwa mjini Berlin na mtaalamu Wilhelm von Bode kuwa ni za Vermeer, zikanunuliwa na mfanyabiashara Joseph Duveen na kuuzwa kwa Andrew Mellon, waziri wa fedha wa Marekani. Mellon alizitoa pamoja na mkusanyo wake kwa taifa mwaka 1937. Leo Jumba la Taifa la Sanaa la Washington linaziorodhesha kama kazi za mwigaji wa Vermeer, na mtafiti Jonathan Lopez, aliyechapisha kitabu juu ya Van Meegeren mwaka 2008, anaona mkono wa kundi hilo la Den Haag ndani yake. Ikiwa ni hivyo, aliyehamia Ufaransa mwaka 1932 alikuwa mzoefu wa biashara aliyekwenda kutafuta njia ya kutonaswa tena na mkemia.

Alipanga nyumba kubwa huko Roquebrune-Cap-Martin, kando ya bahari karibu na Monaco, na tatizo lililomkabili lilikuwa la kifundi kabla ya kuwa la kisanii. Rangi ya mafuta huonekana imekauka baada ya siku chache, lakini ugumu wake kamili huja baada ya miongo mingi. Kipimo cha kawaida cha wakati huo kilikuwa kupitisha pamba yenye spiriti juu ya picha. Rangi mpya hulainika na kuchafua pamba, ilhali ile ya miaka 300 haitikisiki. Kuioka kwenye jiko hakukutosha, kwa kuwa mafuta hupauka, huvimba na kuungua.

Jibu alilipata kwenye bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotokana na kemikali tupu, iliyokuwa ikitengenezewa simu na vifuniko vya redio. Alichanganya fenoli na fomaldehaidi katika mafuta ya maua ya lailaki, akasagia humo rangi zake, na mchoro ulipokamilika akauingiza katika tanuri ya umeme kwenye joto la nyuzi 100 hadi 120 kwa saa kadhaa. Rangi ilitoka ngumu kama kigae, na spiriti haikuweza kuigusa. Inasimuliwa kwamba chumba chake hakikukosa maua ya lailaki kwenye vyombo, ili mgeni asijiulize harufu ile inatoka wapi.

Mengine aliyajua tangu kwa Korteling. Alinunua picha za karne ya 17 zisizo na thamani, akaikwangua rangi ya juu na kubakiza tabaka la chini lenye nyufa za uzee, ili nyufa hizo zipenye hadi kwenye mchoro mpya. Kwa bluu alitumia unga wa jiwe la lazuli, ghali kama dhahabu, na nili. Kwa nyekundu zingefuri. Kwa nyeupe rangi ya risasi. Brashi zake zilikuwa za manyoya ya mnyama wa jamii ya nyegere, kama za Vermeer. Turubai ikitoka kwenye tanuri aliizungushia kwenye mche wa duara ili nyufa ziongezeke, akapitisha wino mweusi uingie ndani yake mithili ya vumbi la karne nyingi, kisha akaipaka vanishi ya kahawia. Kazi ya majaribio ilimchukua miaka minne hivi.

Lililobaki lilikuwa kuamua achore nini, na hapo ndipo akili yake ilipomzidi mghushi wa kawaida. Vermeer, aliyeishi kati ya 1632 na 1675, alisahaulika kwa karne mbili hadi Mfaransa Théophile Thoré alipomfufua katika miaka ya 1860. Picha zake zinazojulikana hazifiki 40, na karibu zote ni za vyumba tulivu vyenye mwanga wa dirishani. Moja tu kubwa, Kristo katika nyumba ya Martha na Mariamu, iliyoko Edinburgh, ni ya Biblia, nayo ina dalili za uchoraji wa Italia. Wataalamu kadhaa waliamini kuwa kati ya picha hiyo ya ujanani na zile za vyumba tulivu kulikuwa na kipindi kizima kilichopotea, ambapo Vermeer alichora habari za dini chini ya kivuli cha Mwitalia Caravaggio. Mmoja wao alikuwa Abraham Bredius, mkurugenzi wa zamani wa jumba la Mauritshuis, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 82 na kuishi Monaco, kilomita chache kutoka kwenye tanuri la Van Meegeren.

Van Meegeren hakuiga picha yoyote ya Vermeer. Alichora ile ambayo Bredius alikuwa akiisubiri: Kristo akimega mkate mbele ya wanafunzi wawili huko Emau, kisa ambacho Caravaggio alikwisha kukichora, wakiwa mezani pamoja na mtumishi wa kike, na jagi jeupe la Kiholanzi katikati kama saini ya pili. Turubai iliyotumika ilikuwa na picha ya kale ya kufufuliwa kwa Lazaro. Wakili na mbunge wa zamani, G. A. Boon, alitumwa kwa Bredius na hadithi ya familia ya Kiholanzi iliyoko Italia, inayotaka kuuza urithi wake kimyakimya bila serikali ya Mussolini kujua. Boon mwenyewe aliiamini. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Bredius alikuwa ameshaiona picha ile kichwani miaka mingi kabla ya kuletewa. Aliikagua, akaiidhinisha, na Novemba 1937 makala yake katika jarida la Burlington la London yakatangaza kupatikana kwa kazi iliyo kuu kuliko zote za Vermeer.

Si kila mtu aliyedanganyika. Wakala wa Duveen aliyeiona picha hiyo mjini Paris alipeleka simu ya maandishi New York akisema ni bandia, bandia mbovu tena. Sauti hiyo ya wafanyabiashara ilizimwa na sifa za wasomi. Kwa michango ya matajiri na Chama cha Rembrandt, picha ilinunuliwa kwa takriban gilda 520,000 na kukabidhiwa jumba la Boymans la Rotterdam, lililokuwa chini ya Dirk Hannema. Mwaka 1938 iliwekwa mahali pa heshima katika maonyesho ya kuadhimisha miaka 40 ya utawala wa Malkia Wilhelmina, kati ya mamia ya kazi za mabingwa. Van Meegeren alikwenda kuiangalia kama watazamaji wengine.

Mtazamaji wa leo hushangaa. Nyuso za watu wa Emau zina kope nzito, mashavu yaliyobonyea na midomo mizito, na wengi wameona ndani yake sura za nyota wa sinema wa miaka ya 1930, Greta Garbo mmojawapo. Miili haina mifupa chini ya nguo. Maelezo yanayoridhisha ni kwamba mghushi huchora kwa jicho la zama zake, na watu wa zama zake hawaoni kosa kwa kuwa wana jicho hilohilo. Kilichomrahisishia zaidi ni mpangilio wa ushahidi. Kwa kuwa hakukuwa na Vermeer nyingine za kipindi kile, Emau ilipokubaliwa ikawa ndiyo kipimo. Picha iliyofuata haikulinganishwa na Vermeer wa kweli bali na Van Meegeren aliyetangulia, na kila moja iliizidi iliyotangulia kwa ubovu bila mtu kushtuka.

Baada ya Emau alihamia Nice, akachora picha mbili za de Hooch, kisha akarudi Uholanzi mwaka 1939, vita vikinukia. Ujerumani iliivamia nchi hiyo Mei 1940. Kwa mghushi, mazingira hayakupata kuwa mazuri kama hayo: Vermeer za kweli zilikuwa zimefichwa kwenye mahandaki, hivyo hakuna aliyeweza kuzitazama sambamba, matajiri walitaka kugeuza noti kuwa mali isiyooza, na kila mzalendo alihofia hazina za taifa zisichukuliwe na Wajerumani. Tajiri D. G. van Beuningen alinunua Karamu ya Mwisho kwa gilda milioni 1.6. Willem van der Vorm alinunua Isaka akimbariki Yakobo kwa milioni 1.27. Mwaka 1943 serikali ilitoa zaidi ya milioni 1.2 kununua Kuoshwa kwa Miguu kwa ajili ya jumba la Rijksmuseum. Wajumbe wa kamati iliyoikagua hawakuipenda picha hiyo, ila waliogopa kuiacha iende Berlin.

Ubora ulishuka kwa sababu hakuwa na haja ya kujitahidi, na kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Alikunywa sana na alikuwa mtumwa wa mofini. Alinunua makumi ya nyumba, akaficha fedha ndani ya kuta na chini ya sakafu, akadai bahati nasibu ndiyo iliyomtajirisha. Mwaka 1943 aliachana na Johanna kisheria ili mali nyingi iandikwe kwa jina la mwanamke huyo, lakini waliendelea kukaa pamoja katika jumba la Keizersgracht 321, Amsterdam. Karamu za hapo hazikukoma hata katika baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, ambapo maelfu ya Waholanzi walikufa kwa njaa na wakazi wa jiji hilohilo walikula vitunguu vya maua ya tulipu.

Picha iliyomponza ilikuwa Kristo na Mwanamke Mzinzi. Iliangukia kwa Alois Miedl, mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa amejitwalia duka la picha la Jacques Goudstikker, Myahudi aliyefariki akikimbia uvamizi. Miedl aliipeleka kwa Göring, aliyekuwa akimwonea wivu Hitler kwa Vermeer zake. Bei ilikuwa gilda milioni 1.65, iliyolipwa kwa kubadilishana na zaidi ya picha 100 za mkusanyo wake. Mei 1945 Wamarekani waliipata katika ngawira ya Göring huko Austria, na karatasi za Miedl zikawaongoza wachunguzi hadi Keizersgracht. Van Meegeren alikamatwa tarehe 29 Mei 1945. Kumuuzia adui hazina ya taifa kulikuwa usaliti, na adhabu ingeweza kuwa kifo.

Mpelelezi wake alikuwa Joop Piller, ofisa Myahudi aliyetoka kwenye vikosi vya upinzani. Kwa wiki kadhaa mtuhumiwa alishikilia hadithi ya familia ya Italia. Mwezi Julai aligeuka na kusema kwamba picha ya Göring haikuwa ya Vermeer, aliichora yeye, na Emau vilevile. Mwanzoni hakuaminiwa, kwa maana kuamini kungewaangusha wakubwa wengi. Ikakubaliwa achore nyingine mbele ya mashahidi. Kati ya Julai na Desemba 1945, chini ya ulinzi, akipewa pombe na mofini aliyoihitaji ili mkono utulie, alichora Yesu mdogo akiwa kati ya waalimu hekaluni. Ni picha hafifu, ila ilitosha. Magazeti yaliichukua habari hiyo kwa furaha, na mtu aliyeitwa msaliti mwezi Juni akawa mjanja aliyemwibia Göring. Alidai hata kwamba aliokoa picha za Uholanzi zaidi ya 100 kwa kutoa bandia moja, ingawa hakuna ushahidi kuwa alipochukua fedha alikuwa na nia hiyo.

Mahakama haikuridhika na kukiri tu. Tume iliongozwa na Paul Coremans, mkuu wa maabara ya majumba ya makumbusho ya Ubelgiji. Ilikuta masalia ya plastiki ya fenoli ndani ya rangi, wino kwenye nyufa, na nyufa za juu zisizolingana na za chini. Eksirei zilionyesha mabaki ya picha za kale mahali ambapo Van Meegeren alisema yangekuwepo. Katika picha ya Göring kulikuwa na bluu ya kobalti, rangi iliyoanza kutengenezwa karne ya 19. Kwa mtu aliyesaga lazuli kwa ajili ya Emau, ulikuwa uvivu uliomgharimu heshima ya ufundi. Kesi ilisikilizwa Amsterdam tarehe 29 Oktoba 1947, na usikilizaji ulimalizika siku ileile. Picha zilitundikwa kwenye kuta za mahakama, pazia zikashushwa, Coremans akaonyesha slaidi zake. Shtaka la usaliti lilikuwa limeachwa. Yaliyobaki yalikuwa kujipatia fedha kwa udanganyifu na kutia saini za uongo. Tarehe 12 Novemba alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Hakukitumikia. Moyo wake ulikuwa umechakaa, akafariki hospitalini tarehe 30 Desemba akiwa na miaka 58.

Kuhusu sababu, maelezo yake mahakamani yalikuwa mafupi na ya kuvutia. Wahakiki walimnyima haki, alitaka kuthibitisha kuwa yu sawa na mabingwa, na baada ya Emau hakuweza kujizuia. Bei kubwa alizipanga, alisema, kwa sababu bei ndogo ingezua shaka. Ukumbi ulicheka. Kilichoyafanya maelezo hayo yakubalike ni kwamba uchungu wake ulikuwa halisi. Maisha yake yote aliwachukia waliomwita fundi asiye na roho. Tatizo ni mpangilio wa matukio. Mtu anayelipiza kisasi hujitokeza siku mtego unapofyatuka. Mwaka 1938, Emau ikisifiwa na dunia yote, kusema neno moja kungetosha kumfedhehesha Bredius na jamii yote ya wahakiki. Van Meegeren alinyamaza, akachora nyingine, akanyamaza tena kwa miaka saba, mpaka alipoona kitanzi. Ukiongeza biashara ya Den Haag ya miaka ya 1920, fedha zinakuwa kiini, nao uchungu kitulizo cha dhamiri.

Upande wa siasa nao aliusafisha. Mwaka 1945 mwandishi wa gazeti la Kiholanzi alikuta katika makao ya Hitler mjini Berlin kitabu cha michoro cha Van Meegeren cha mwaka 1942, kikiwa na maneno ya kumtukuza Führer juu ya saini yake. Alijibu kwamba saini ni yake lakini maneno yaliongezwa na mtu mwingine. Ajabu ni kwamba mtu aliyejulikana kwa kughushi saini za wengine aliaminiwa aliposema yake imechezewa. Mwelekeo wa michoro ya kitabu hicho na wa jarida lake la zamani unaonyesha kuwa hakuvumilia tu utawala wa Kinazi. Mawazo mengi yalikuwa yake pia. Nchi iliyotoka kwenye aibu ya miaka mitano ilihitaji kichekesho zaidi ya mshtakiwa mwingine, na yeye aliisoma haja hiyo kama alivyomsoma Bredius.

Baada ya kifo chake mali iliuzwa kwa mnada kuwalipa waliodai. Mwanawe Jacques, naye mchoraji, alitia jina la baba kwenye picha alizochora mwenyewe, hivyo soko la Van Meegeren likapata Van Meegeren bandia. Van Beuningen hakukubali kamwe kuwa Karamu ya Mwisho si ya Vermeer. Alimshtaki Coremans kwa kumharibia mali, akafariki Mei 1955, na miezi kadhaa baadaye mahakama ikampa Coremans ushindi. Mabishano madogo juu ya Emau yaliendelea hadi mwaka 1968, wakati mwanasayansi Bernard Keisch wa Pittsburgh alipopima rangi nyeupe iliyomo. Madini ya risasi yana kiasi kidogo cha radiamu, inayozalisha risasi-210. Risasi ikishayeyushwa na kusafishwa, radiamu nyingi huondoka, na risasi-210 iliyobaki hupungua kwa nusu kila miaka 22. Katika rangi ya miaka 300, kwa hiyo, mionzi ya poloni, zao la risasi-210, hulingana na ile ya radiamu. Katika Emau poloni ilikuwa 8.5 na radiamu 0.8 kwa kipimo kilekile, tofauti isiyowezekana ila kwa risasi iliyoyeyushwa miongo michache tu kabla. Picha ingali Rotterdam, mali ya jumba lililokabidhiwa mwaka 1938. Kwamba yeye ndiye aliyeichora, jambo ambalo Piller aliambiwa Julai 1945 na wakubwa wa sanaa wakalikataa, Van Meegeren alikuwa amesema kweli.